Soma kwa Sauti, Komredi

Simu iliita mara mbili, ikakatika.

Ikaita mara tatu, ikakatika.

Apolinari Ndunguru aliacha chai ipoe mezani. Alisubiri. Ilipoita tena, akapokea.

"Komredi Katibu," sauti ya mwanamke ilisema. "Kikao ni leo."

Basi. Ikakatika.

Jina lile hakuwa amelisikia kwa miaka thelathini na miwili.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu. Mstaafu wa Idara ya Usalama. Mgane. Aliishi Kinondoni katika nyumba ya vyumba vitatu, na viwili kati ya hivyo havikuwa vikifunguliwa. Televisheni yake iliwaka kutwa, si kwa sababu aliitazama, bali kwa sababu ilizungumza. Tangu amzike mkewe, Gladness, kulikuwa na siku ambazo maneno yake yote yalikuwa mawili tu. "Weka hapo," alimwambia muuza maji.

Alivaa shati la kijivu. Akazima televisheni. Dakika sita baadaye alikuwa barabarani, na Toyota Noah nyeusi yenye vioo vya giza ilipunguza mwendo bila kusimama. Mlango ukateleza. Akadandia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Flaviana. Umekuwa mtu mkubwa."

"Mkuu wa operesheni sasa. Ulinifundisha vizuri." Hakutabasamu. "Saa hizi ni saa mbili. Tuna mpaka saa kumi jioni."

Alimpa kishikwambi. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Mzungu wa miaka hamsini hivi, shati la kitani, ndevu zilizochongwa.

"Dokta Brandt. Kaingia nchini miezi miwili iliyopita kwa kibali cha utafiti. Historia ya vyama vidogo vya siasa. Kapanga nyumba Kawe. Lakini huyu si mtafiti. Kuna kampuni ya ulinzi ya nje inataka zabuni ya kulinda bomba la gesi, na huyu ni mtu wao. Sasa bomba lisilo na adui halihitaji mlinzi wa gharama. Kwa hiyo anatengeneza adui."

"Adui gani?"

"Chama chako, mzee."

Apolinari nusura acheke.

Chama chake! Chama cha Wakomunisti wa Kusini kilizaliwa mwaka 1971 ndani ya ghala la korosho kule Lindi. Kilikuwa na wanachama kumi na wanne, mashine moja ya chapa na muhuri wa chuma wenye picha ya korosho na nanga. Hakikuwahi kuandikishwa. Kilitaka mapinduzi ya wafanyakazi wa dunia nzima, ila yaanzie kusini, na ikiwezekana yaishie hukohuko. Walikuwa wakiimba kwa Kimwera wimbo wa wafanyakazi wa dunia, na waliapa kwamba siku moja kusini kutakuwa na jamhuri yake yenyewe. Dola ilipowanusa wakahamia Dar es Salaam, wakawa wanakutana chumbani kwa mwenyekiti, Mtoni, Temeke. Mwaka 1979 wakagombana kama taa inayowaongoza iko Moscow kwa mfanyakazi au Peking kwa mkulima. Watano wakaondoka. Wakabaki tisa.

Mwaka 1983 Idara iliwapa wa kumi. Kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Mbinga, mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa Apolinari, ila wao walimjua kwa jina la Stephano. Mwezi wa pili wakamfanya katibu.

Kwa miaka tisa aliandika muhtasari wa kila kikao. Nakala moja ya chama. Nyingine, ambayo hawakuijua, ya Idara.

Mwaka 1987, kwa sababu ya nakala hiyo, mwenyekiti Nassibu alifungwa. Alitoka baada ya miaka mitatu akikohoa. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, sheria haikutaka chama cha upande mmoja wa nchi. Chama cha Kusini kikakosa hata mlango wa kubisha. Mwaka huohuo Apolinari alipokea amri ya maneno mawili: kikao kimeahirishwa. Akaondoka bila kuaga. Mwaka uliofuata akasoma tangazo la kifo cha Nassibu gazetini.

Kutoka Kinondoni hadi Mtoni si safari. Hakwenda msibani.

"Wamekufa wote wale," alisema.

"Wote isipokuwa mjane wake. Bibi Mwanakombo. Brandt anamtembelea kila Ijumaa, anampelekea tende, anamrekodi. Jana tulinasa ujumbe wake." Flaviana aliusoma. "'Muhuri na video saa sita. Bomba saa kumi.' Wapi kwenye bomba, hatujui. Lina mamia ya kilomita, mzee. Na tukimkamata sasa hivi, kuna mtu wake anaitwa Benson, mlinzi wa zamani wa migodini. Anabonyeza simu tu."

"Na likilipuka?"

"Video inatoka. Chama cha Kusini kimefufuka, kimepiga. Kesho yake nani atakamatwa? Mtoni, Mbagala, Buguruni. Kila muuza samaki mwenye shangazi Lindi."

Gari lilivuka Tazara. Apolinari alitazama nje.

"Ninaingiaje?"

"Kwa mlango. Wewe ndiye katibu. Kiongozi mmoja kwenye video ni mzuri. Wawili ni bora zaidi. Atakukumbatia."

Alimpa kifaa cha kusikia, kile cha rangi ya ngozi wanachovaa wazee sikioni. Ndani yake mlikuwa na maikrofoni na spika ndogo kuliko punje ya mtama. Kisha akamwonyesha bastola. Makarov, ile ile ya enzi zake.

"Hiyo ibaki. Watanipekua," alisema Apolinari. "Uziwi hawaupekui."

*

Alifika Mtoni saa sita ikikaribia. Nyumba ilikuwa ileile. Bati lilibadilishwa, mlango haukubadilishwa.

Kwenye kibaraza alisimama mtu mpana mwenye fulana nyeusi. Benson. Glock kiunoni, nyuma, chini ya fulana. Apolinari aliiona kwa jinsi mtu yule alivyoegemea ukuta kwa bega badala ya mgongo. Mkononi alikuwa na simu mbili. Samsung kubwa, na Tecno ya batani.

Ile ya batani ndiyo yenyewe.

"Unamtaka nani, mzee?"

"Nini?" Apolinari aligusa sikio. "Sema kwa nguvu, mwanangu."

"Unamtaka nani!"

"Mwambie mwenye nyumba Stephano amekuja."

Benson alilipaza jina lile ndani. Kisha sauti ya kike, kavu, isiyozeeka:

"Stephano, umechelewa kikao."

Benson alimpekua kwapa hadi kifundo, akamruhusu. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, mkeka, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, na Dokta Brandt aliyesimama kwa heshima kama mkwe. Kitandani alikaa Mwanakombo. Alikuwa amenyauka, lakini shingo ilikuwa imenyooka vilevile. Miwani ilining'inia kifuani kwa kamba.

Apolinari alisita. Nassibu alikuwa amepiga marufuku shikamoo vikaoni. Alisema ni salamu ya mtumwa kwa bwana. Mwanakombo hakuwahi kukubali.

"Shikamoo, da' Mwanakombo."

"Marahaba. Kaa."

Hakuuliza alikokuwa. Hakuuliza lolote. Alimtazama tu sikioni, kwenye kile kifaa, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka.

"Siamini," Brandt alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, safi. "Katibu mwenyewe! Nimesoma jina lako kwenye daftari la wanachama. Bibi aliniambia ulipotea."

"Nilipotea."

"Leo ni siku kubwa. Chama kinarudi. Mtasoma tamko fupi mbele ya kamera, tutaweka muhuri, basi." Alitoa karatasi iliyochapwa. "Bibi atasoma. Wewe utakaa kando yake."

Mwanakombo aliipokea karatasi. Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu. Miwani yake haikuguswa.

"Macho yangu mabovu," alisema. "Chama hiki kina katibu. Kusoma ni kazi ya katibu."

"Basi tuwashe kamera—"

"Ngoja kwanza. Hatusomi kitu tusichokijua. Huo ndio utaratibu wetu tangu Lindi." Alimpa Apolinari karatasi. "Soma kwa sauti, Komredi. Soma wote wasikie."

Brandt alimtazama Benson. Benson akainua mabega. Wazee wawili, mmoja haoni, mwingine hasikii.

"Haya, haraka," Brandt alisema.

Apolinari alisoma. Polepole, kwa ile sauti ya vikaoni.

"'Leo saa kumi jioni, wapiganaji wa Chama cha Wakomunisti wa Kusini wamelipua kituo cha valvu cha bomba la gesi, nyuma ya machimbo ya mchanga, Segerea...'"

Sikioni kitu kilikwaruza.

"Segerea. Nimeipata," Flaviana alisema. "Timu inaondoka. Nahitaji dakika arobaini. Wacheleweshe."

Dakika arobaini.

Apolinari aliikunja karatasi, akaiweka gotini.

"Hili halijapitishwa na kikao," alisema.

"Samahani?" alisema Brandt.

"Tamko la chama linapitishwa na kikao. Akidi ni nusu ya wanachama hai. Tuko wawili, akidi imetimia. Lakini lazima tujadili kifungu kwa kifungu."

"Tena imeandikwa 'wakulima na wafanyakazi'," Mwanakombo alidakia, ingawa macho yake yalikuwa mabovu na neno hilo lilikuwa bado halijasomwa. "Sisi ni 'wafanyakazi na wakulima'. Mfanyakazi anatangulia."

"Si lazima atangulie," alisema Apolinari.

"Ah! Kumbe wewe Peking?"

"Sijasema Peking. Nasema kusini wafanyakazi walikuwa wangapi, da' Mwanakombo? Wabeba magunia mia tatu. Mkulima wa korosho ndiye aliyenyonywa."

"Maneno ya wale watano hayo! Waliondoka na mashine ya chapa wale, nikaandika vipeperushi kwa mkono mpaka vidole vikavimba!"

"Mashine walirudisha."

"Bila utepe!"

Waligombana. Waligombana juu ya mpangilio wa maneno, juu ya mkutano wa 1979, juu ya kama neno "wapiganaji" linafaa chama ambacho hakikuwahi kupigana hata na jirani. Brandt alijaribu kuingilia. Mwanakombo alimwambia mgeni mwalikwa hana haki ya kusema kikaoni mpaka aombe. Akaomba. Akakataliwa.

Na katikati ya hatari ile Apolinari aligundua jambo la ajabu. Alikuwa akifurahi. Tangu msiba hakuwa amezungumza na mtu mfululizo hivi. Tangu mwaka tisini na mbili hakuwa amegombana na mtu juu ya kitu chenye maana.

Dakika kumi na tano. Ishirini na tano. Kwa mbali adhana ya Ijumaa ililia, vichochoro vikaanza kunyamaza.

"Imetosha!" Brandt alipiga kofi meza. Uso ulikuwa umeiva. "Washa kamera. Toa muhuri. Sasa."

Mwanakombo aliingiza mkono chini ya mto, akautoa. Kipande cha chuma kinene kama ngumi. Akamkabidhi katibu.

Sikioni Flaviana alirudia maneno ya timu: "Wamekiona kifaa. Kimefungwa kwenye valvu. Wanakata. Tatu. Mbili—"

Mlangoni, ile Tecno ililia mlio mmoja mfupi.

Benson aliitazama. Akaibonyeza. Akaibonyeza tena.

"Bosi, imekata," alisema. "Kuna mtu kule."

Macho yake yakaenda kwa Apolinari. Kwenye sikio.

Mkono ukaruka nyuma ya fulana.

Apolinari hakuwa tena na magoti ya ujana. Alikuwa na kilo moja na nusu ya chuma. Aliutupa muhuri kwa nguvu zake zote, na ukampata Benson juu ya kiwiko Glock ilipokuwa inatoka. Risasi ikapasua dari. Vumbi la miaka likaanguka.

Bastola iliteleza sakafuni.

Mwanakombo akashuka kitandani, akaikalia.

Benson alijirusha. Apolinari alinyakua stendi ya kamera, akamchota miguu, akamwangukia na goti mgongoni, akamkunja mkono kama alivyofundishwa miaka arobaini iliyopita. Kitu kililia begani. Benson akatulia.

"Brandt anatoka!" alisema kwa maikrofoni.

"Tupo Kilwa Road. Dakika mbili."

Dakika mbili ni nyingi. Vijana wawili wa Flaviana waliokuwa wakijifanya wanauza vocha kona ya pili walikuwa tayari wanaingia kwa Benson. Apolinari alitoka mbio. Kichochoro. Kamba ya nguo. Mtaro. Mbele, shati la kitani lilikata kushoto, likamfikia dereva wa Boxer aliyesinzia juu ya pikipiki yake, likamsukuma chini.

Pikipiki ikawaka.

Pumzi ilikuwa imekwisha. Apolinari alitumia silaha ya mwisho.

"Mwiziii!"

Mtoni nzima ikaamka. Milango ikafunguka. Mama mmoja akasukuma toroli la mihogo katikati ya njia, Boxer ikalivaa, Brandt akaruka juu ya mihogo na kutua kwa ubavu. Kufumba na kufumbua watu thelathini walikuwa wamemzunguka. Mmoja aliokota tofali.

Apolinari alipenya, akasimama juu ya Mzungu yule, mikono imetanuka.

"Hapana. Huyu anakwenda mahakamani."

"Mzee, toka, ni mwizi huyo!"

"Ndiyo. Lakini alichokuja kuiba ni jina lenu. Wekeni tofali chini."

Hawakuelewa, lakini mtu mwenye mvi akisimama namna ile hupewa nafasi. Noah ilifika ikipiga honi. Flaviana alishuka, akamfunga Brandt pingu, akamwinua.

"Segerea salama," alimwambia Apolinari. "Hakuna aliyeumia. Kazi nzuri, mzee." Kisha, kwa sauti ya chini: "Yule bibi ana daftari la wanachama. Wakubwa wanalitaka."

"Nitalifuata mwenyewe."

*

Mwanakombo alikuwa anafagia vumbi la dari. Glock walikuwa wameichukua. Alikuwa amevaa miwani.

Apolinari alisimama mlangoni.

"Ulijua kwamba nasikilizwa."

"Nimejua tangu themanini na saba." Hakuacha kufagia. "Walimsomea Nassibu muhtasari wa kikao cha Machi. Neno kwa neno, na nukta zake. Nakala ilikuwa moja, ndani ya godoro, na juu ya godoro nimekaa mimi. Mwingine aliyeyajua maneno yale ni aliyeyaandika."

"Hamkunifukuza."

"Nilitaka kukutilia sumu kwenye mchuzi, Mungu anisamehe. Ulikuwa unapenda mchuzi wa papa." Aliegemeza ufagio. "Nassibu akatuma neno kutoka ndani. Mwacheni. Akasema, miaka kumi na sita tumeandika na hakuna binadamu aliyetusoma. Huyu ana wasomaji. Kwa hiyo semeni vizuri zaidi, ili aandike vizuri zaidi."

Apolinari alikumbuka. Baada ya 1987 vikao vilibadilika. Hotuba zilipangika, hoja zilikuwa na kichwa na miguu. Yeye alidhani ni kalamu yake iliyokua.

"Walisoma," alisema. "Aliporudi, ile hotuba yake ya mwaka tisini, kuhusu korosho kubanguliwa nyumbani. Mkubwa mmoja aliandika pembeni kwa wino mwekundu. 'Hoja hii ni ya kweli.'"

Mwanakombo aligeuka.

"Aliandika hivyo?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Mwaka tisini."

"Ndiyo."

"Nassibu alikuwa hai." Sauti yake ilishuka. "Alikuwa hapo kwenye mkeka, anakohoa, anauliza kila siku kama maisha yake yamefaa kitu. Na wewe ulikuwa unakuja kila Jumapili. Na hukumwambia."

Apolinari aliutazama mkeka.

Alifikiri angelia. Hakulia yeye wala mwanamke yule. Mwanakombo alikwenda kitandani, akapasua mshono wa godoro kwa kidole, akatoa daftari lililofungwa nailoni. Akampa.

"Da' Mwanakombo, si lazima—"

"Chukua. Mimi nikifa watafungia maandazi. Huko kwenu kuna makabati, kuna watu wanalipwa kusoma. Liweke pamoja na yale mengine." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Jina lako hasa ni nani?"

"Apolinari."

Alilirudia taratibu. Akatikisa kichwa.

"Simjui huyo," alisema, bila ukali. "Stephano nilimjua. Alikuwa mlaji sana. Nenda salama, baba."

Mlango ukafungwa.

Noah ilikuwa inasubiri kwenye lami. Apolinari alimpa Flaviana daftari kupitia dirishani.

"Panda, mzee. Tukurudishe Kinondoni."

"Nitatembea."

"Ni mbali."

"Najua."

Alitia mikono mfukoni, akaanza kwenda. Swala ilikuwa imekwisha. Wanaume wa Mtoni walikuwa wanatoka msikitini kwa makundi, kanzu nyeupe, wakipeana mikono, wakiulizana hali za nyumbani, wakiitana kwa majina. Alipita katikati yao bila haraka, mgongo umenyooka, kama mtu aliyemaliza shughuli zake.

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Ndivyo alivyofundishwa maisha yake yote, na alikuwa amefaulu.